Mnada wa Alhamisi na Barua za Baba

Nimekuwa kimya kwa majuma matatu, na najua wengine mlikuwa mkingoja sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja. Leo naomba mniwie radhi niende kando kidogo. Kazi niliyodhani ni ya saa mbili ilinila mwezi mzima, na mwisho wake ukanikuta nimekaa sakafuni nyumbani kwetu Nakuru, nikisoma barua za benki za mwaka 1993, kabla hata sijazaliwa.

Kazi yenyewe ilianza hivi. Mama yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanane. Februari 2024 chama kilikuwa na shilingi 800,000 mkononi na mashauri mawili mezani. La kwanza lilikuwa la mwanachama mmoja aliyetaka kukopa 300,000 anunue tanuri kubwa la kuoka mikate, alipe riba ya asilimia 12 kwa mwaka. La pili, serikali ilikuwa inauza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu, isiyotozwa kodi. Mama akanipigia simu. "Wewe si ndiye umesomea kompyuta? Tuhesabie." Nikaandika programu fupi, mistari isiyofika hamsini. Hatifungani ile ilitoka mnadani na riba ya asilimia 18.4607. Programu ikasema wazi: ile 300,000 ikienda kwa serikali inaleta 55,382 kwa mwaka, ikienda kwenye tanuri inaleta 36,000. Tofauti 19,382. Mkutano wa chama haukuchukua dakika kumi. Pesa zote zilikwenda serikalini, na tanuri halikununuliwa.

Juzi mama akaniomba nimtengenezee ripoti ya jinsi uwekezaji ule ulivyoenda. Nikasema, kwa kuwa niko hapo hapo, kwa nini nisichore mchoro wa viwango vyote vya zamani, tuone asilimia 18 ni kubwa kiasi gani kwa historia ya Kenya? Nikaanza kukusanya takwimu za Benki Kuu. Mchoro ulipotokea kwenye kioo nilidhani nimekosea msimbo. Upande wa kushoto palikuwa na mlima uliofanya miaka mingine yote ionekane kama tambarare. Nikakagua koma za desimali. Nikakagua safu. Hakukuwa na hitilafu. Julai 1993, hati za Hazina za siku 91 zilifika asilimia 84.67.

Baba alikuwa ameketi nyuma yangu akisoma gazeti. Akatazama kioo, akasema, "Huo ndio mwaka serikali ilichukua duka langu."

Maneno hayo tumeyasikia tangu utotoni. Baba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, likafungwa mwaka 1995, na kila akisimulia husema serikali ililichukua. Sisi watoto tulikuwa tukiangaliana na kutabasamu, kwa sababu hakuna askari aliyekuja, hakuna hati ya mahakama, hakuna aliyepiga mnada chochote. Mzee alifilisika, basi, tukadhani hataki kukubali. Safari hii aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na faili ya kahawia.

Kabla ya kufungua faili, tuelewane kuhusu nambari yenyewe.

Serikali inakopaje?

Serikali ikihitaji pesa kuliko kodi inazokusanya, hukopa. Ikikopa ndani ya nchi kwa muda mfupi huuza hati za Hazina za siku 91, 182 au 364. Ikikopa kwa muda mrefu huuza hatifungani, ambazo wengi wetu tunaziita bondi, za miaka miwili hadi thelathini. Benki Kuu ndiyo wakala. Siku hizi mnada wa hati za muda mfupi hufanyika kila Alhamisi, na matokeo huwekwa mtandaoni.

Hati ya muda mfupi haina riba iliyoandikwa juu yake. Unainunua kwa bei ya chini na siku ikiiva unalipwa shilingi 100 kamili. Kwa wenzangu wa msimbo, habari yote ni mstari mmoja:

bei = 100 / (1 + kiwango * siku / 365)

Weka kiwango cha Julai 1993, yaani 0.8467, na siku 91. Utapata 82.57. Mtu alitoa shilingi 82.57, akakaa miezi mitatu, akapewa 100. Sasa weka kiwango cha Septemba 2003, ambacho kilikuwa asilimia 0.83 tu. Utapata 99.79. Nchi ni ile ile, karatasi ni ile ile, miaka kumi katikati. Wa kwanza alipata faida ya zaidi ya shilingi 17, wa pili alipata senti 21.

Hatifungani ndefu ni ngumu kidogo, kwa sababu hulipa riba kila miezi sita na huuzwa tena sokoni kabla ya kuiva. Jambo la kushika ni kwamba bei na kiwango cha faida huenda kinyume. Ukiwa na hatifungani ya miaka kumi yenye riba ya asilimia 12, halafu soko likaanza kudai 18, hakuna atakayekupa shilingi 100 kwa karatasi yako. Atakupa karibu 73. Riba iliyoandikwa haijabadilika. Kilichobadilika ni imani ya watu.

Ndiyo maana naifananisha nambari hii na faili la logi la seva. Mwanasiasa anaweza kuhutubia atakavyo, waziri anaweza kusoma bajeti kwa madaha, lakini mwenye pesa akiandika kwenye zabuni yake "nitakukopesha kwa asilimia kadhaa, chini ya hapo sitaki", ameandika kile anachoamini. Ndani ya kiwango hicho mmejaa mambo kadhaa: bei za vitu zitapanda kiasi gani kabla sijalipwa, shilingi itakuwa na thamani gani, serikali italipa au haitalipa, na je, kuna mahali pengine pazuri zaidi pa kuweka pesa zangu? Kusoma logi ni kujua ni lipi kati ya hayo limepiga kelele.

1993: mlima

Tuanze na mlima. Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakasimamisha misaada kwa serikali ya Rais Moi, wakidai mageuzi ya uchumi na ya siasa. Mwezi uliofuata kifungu cha chama kimoja kikaondolewa kwenye katiba, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika tarehe 29 Desemba 1992. Uchaguzi ule uligharimu pesa, na pesa zilionekana. Noti mpya ya shilingi 500 ilipata jina la mtaani, "Jirongo", kutokana na kijana aliyeongoza kundi la kampeni la YK'92.

Wakati huo huo kulikuwa na Goldenberg. Kampuni ya Goldenberg International ilikuwa imepewa haki ya pekee ya kusafirisha dhahabu na almasi nje ya nchi, na kwa kila mauzo iliyodai ilikuwa ikilipwa fidia ya asilimia 35: 20 za kawaida kwa wauzaji wa nje, na 15 za nyongeza. Kenya haina almasi za kuuza, na dhahabu yake ilikuwa kidogo mno. Karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei, ndiye aliyetoa nyaraka zilizofichua malipo hayo mwaka 1993. Alikamatwa, akapoteza kazi, na akafariki mwaka 2006 bila kupata kazi ya maana tena. Mwaka huo huo, Februari, tume ya Jaji Bosire ilikabidhi ripoti yake. Kila nikisikia watu wa fani yetu wakijadili usalama wa data na nani ana ruhusa ya kuona nini, humkumbuka karani yule.

Kwa hiyo pesa zilitoka Benki Kuu kwa njia nyingi: uchaguzi, fidia za dhahabu ambayo haikuwepo, na mikopo ya kuokoa benki dhaifu zilizokuwa karibu na wakubwa. Shilingi zikiwa nyingi na bidhaa ni zile zile, bei hupanda. Mfumko wa bei wa mwaka 1993 ulikuwa kiasi cha asilimia 46. Dola iliyokuwa shilingi 36 hivi mwishoni mwa 1992 ilikuwa 68 mwishoni mwa 1993.

Julai 1993 Micah Cheserem akawa gavana wa Benki Kuu. Pesa zilizokwisha kumwagwa zilibidi zifyonzwe, na kitambaa cha kufyonzea kilikuwa hati za Hazina. Ili watu wakubali kutoa shilingi mikononi na kuzifunga kwa miezi mitatu, ilibidi wapewe kiwango kinachozidi hofu yao. Hofu ilikuwa kubwa, basi na kiwango kikawa kikubwa. Kabla ya hapo, mwaka 1992, wastani ulikuwa chini ya asilimia 17. Wastani wa 1993 mzima ulikaribia 50.

Na dawa ilifanya kazi. Mfumko ulishuka. Serikali ilikuwa imeanza kulegeza udhibiti wa pesa za kigeni, kwa hiyo dola zikaingia kutafuta riba hiyo tamu, na shilingi ikapanda hadi 45 hivi kwa dola mwishoni mwa 1994. Vitabu vya uchumi vikiishia hapo, hadithi ni ya ushindi.

Sasa tufungue faili ya kahawia.

Barua ya kwanza ni ya 1991. Benki (sitaitaja, na haikufanya chochote ambacho nyingine hazikufanya) inamjulisha baba kwamba mkopo wake wa duka umekubaliwa kwa asilimia 19. Julai mwaka huo serikali iliondoa udhibiti wa riba, na katika barua hizo kuna sentensi ndogo chini kabisa isemayo riba inaweza kubadilishwa kulingana na hali ya soko. Barua ya Mei 1993 inasema 26. Ya Oktoba inasema 31. Ya Machi 1994 inasema 36. Kila moja inaanza kwa "tunasikitika kukujulisha". Pembeni, kwa kalamu ya wino, baba alikuwa akifanya hesabu zake: mabati mangapi auze, misumari kilo ngapi, ili afikie malipo ya mwezi. Kwenye barua ya mwisho hakuna hesabu.

Nilipoweka viwango vya barua za baba juu ya mchoro wangu, mstari wake ulifuata ule mlima kama mkia, ukichelewa miezi michache. Hapo ndipo nilipomwelewa. Fikiria wewe ndiwe meneja wa benki mwaka 1993. Serikali inakulipa asilimia 70 au 80, haihitaji dhamana, haikimbii usiku na haina mahali pa kwenda. Mbele ya meza yako ameketi mwenye duka la mabati. Kwa nini umkopeshe? Na kama ulikwisha kumkopesha, kwa nini usimpandishie riba mpaka arudishe pesa, uzipeleke zinakolipa? Hakuna askari aliyehitajika. Serikali ilienda mnadani kugombea pesa zile zile alizohitaji baba, ikatoa bei ambayo hakuna mwenye duka duniani angeweza kuitoa. Ilishinda zabuni.

2003: bonde

Upande wa pili wa mchoro kuna bonde. Desemba 2002 Wakenya walipiga kura, na tarehe 30 Mwai Kibaki akaapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Miezi tisa baadaye hati za siku 91 zilikuwa asilimia 0.83. Nilipokuwa chuo nilifundishwa kwamba kiwango kikiwa chini maana yake uchumi una afya. Nikadhani bonde hili ni sherehe ya NARC.

Kuna kiasi cha ukweli. Watu walikuwa na matumaini, na Benki Kuu ilipunguza kiasi ambacho benki hulazimika kukiweka kwake, hivyo pesa za kukopesha zikawa nyingi. Lakini tazama uchumi wenyewe: mwaka 2002 ulikua kwa nusu asilimia tu. Benki zilikuwa zimejeruhiwa na mikopo isiyolipwa ya miaka ya tisini, zikaogopa kukopesha watu. Wafanyabiashara nao waliobaki hawakuwa na hamu ya kukopa. Pesa zikajaa benki bila pa kwenda, zikasukumana kwenye mlango mmoja wa serikali hadi bei ikawa karibu bure. Na kwa kuwa mfumko wa bei wa mwaka huo ulikuwa karibu asilimia 10, aliyekopesha serikali kwa 0.83 alikuwa akipoteza.

Kwa hiyo nambari ndogo inaweza kuwa ya mgonjwa aliyelala. Homa imeshuka, ndiyo, lakini hajaamka. Tofauti ni kwamba safari hii benki zilipokosa riba ya serikali zililazimika kutafuta wateja. Wale mawakala wa mikopo waliojaa barabarani na maofisini wakiwafuata walimu na manesi na fomu mkononi, walianza miaka hiyo. Wengine walikimbilia soko la hisa, na foleni za hisa za KenGen mwaka 2006 wengi wenu mnazikumbuka au mmesimuliwa. Kufikia 2007 uchumi ulikua kwa karibu asilimia 7.

Kuna jambo jingine zuri la kipindi hicho ambalo halisemwi sana. Serikali ilianza kukopa kwa muda mrefu. Kuanzia 2001 iliamua kupunguza utegemezi wa hati za miezi mitatu, ambazo ni kama kuishi kwa kukopa dukani kila juma, ikarefusha hatua kwa hatua. Hatifungani ya miaka 15 ilikuja 2007, ya miaka 20 mwaka 2008, ya kwanza ya miundombinu 2009, ya miaka 30 mwaka 2011. Mtu anayekubali kukukopesha kwa miaka 30 anasema anaamini utakuwepo, na kwamba shilingi yako itakuwepo. Mwaka 1993 hakuna ambaye angesema hivyo.

Milima midogo

Baada ya hapo mchoro una vilima viwili vya kutajwa. Cha kwanza ni 2011. Ukame, bei ya mafuta, na Benki Kuu iliyochelewa kuona, vikaifikisha shilingi 107 hivi kwa dola mwezi Oktoba. Benki Kuu ikaamka kwa kishindo: riba yake ya msingi ilitoka 7 Septemba, ikawa 11 Oktoba, 16.5 Novemba, 18 Desemba. Hati za siku 91 zilizoanza mwaka kwenye 2 na kitu zikafika 20 mwanzoni mwa 2012. Ndani ya mwaka mmoja!

Bunge likachoka na riba za juu, na Septemba 2016 sheria ikaweka kikomo: benki zisimtoze mkopaji zaidi ya pointi nne juu ya riba ya msingi ya Benki Kuu. Ilipendwa sana. Lakini mstari wa baba ungeweza kutabiri kilichofuata. Benki zilipoambiwa haziruhusiwi kumtoza mwenye kioski kulingana na hofu zao, hazikumpunguzia bei, zilimwacha, zikaenda kukopesha serikali. Sheria ikaondolewa Novemba 2019.

Katikati ya hayo kulikuwa na jaribio ambalo sisi watu wa teknolojia tulilishangilia: M-Akiba, mwaka 2017. Kwa shilingi 3,000 tu, kwa simu, mwananchi anunue hatifungani ya serikali. Nilikuwa mwanafunzi, nikaona dunia imebadilika. Mfumo ulifanya kazi. Lakini toleo kuu lililotafuta bilioni moja lilipata chini ya robo yake. Tulikuwa tumetatua tatizo la njia, kumbe tatizo lilikuwa la kipato. Huwezi kuandika msimbo wa kumpa mtu akiba ambayo hana.

2024: tunarudi kwenye tanuri

Juni 2014 Kenya ilikopa nje kwa mara ya kwanza kwa hatifungani za dola, bilioni mbili. Bilioni moja na nusu kati ya hizo zilikuwa za miaka kumi kwa riba ya asilimia 6.875, za kulipwa Juni 2024. Miaka kumi ni mingi siku ya kukopa, ikifika unaona ilikuwa kesho. Kadiri siku ilivyokaribia, maswali yakazidi: italipa kwa nini? Zambia ilikuwa imeshindwa mwaka 2020, Ghana mwaka 2022. Shilingi ikaporomoka hadi 160 na zaidi kwa dola Januari 2024.

Februari mambo mawili yakatokea katika juma moja. Serikali ilikopa dola bilioni 1.5 mpya kwa gharama iliyozidi asilimia 10, ili ilipe sehemu ya lile deni la 6.875. Na nyumbani ikauza ile hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Ilitafuta bilioni 70. Zabuni zilizokuja zilikuwa bilioni 288 na zaidi. Ikachukua karibu bilioni 241. Ndani ya hizo bilioni 241 kulikuwa na 800,000 za akina mama wa Nakuru.

Sasa soma logi. Mfumko wa bei mwezi ule ulikuwa asilimia 6.3. Ukitoa 6.3 kwenye 18.46 zinabaki 12, tena bila kodi. Mwaka 1993 sehemu kubwa ya kiwango ilikuwa hofu ya bei za vitu. Mwaka 2024 bei za vitu zilikuwa zimetulia kiasi, kwa hiyo zile 12 zilikuwa hofu nyingine: kwamba shilingi itaanguka zaidi, na kwamba mdeni mwenyewe anaweza kushindwa. Mdeni ambaye hana hofu ndani yake halipi 12 juu ya mfumko.

Dawa ikafanya kazi tena, kama 1994. Dola zikaingia, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu shilingi 131. Tuliokuwa tukilipia seva kwa dola tulipumua. Lakini riba ya asilimia 18 hailipwi na hewa. Mwezi Mei serikali ilileta Mswada wa Fedha uliotaka kodi mpya hadi kwenye mkate. Juni vijana wa rika langu wakaingia barabarani, tarehe 25 wakaingia Bungeni, wengi wakapigwa risasi, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini mswada. Julai shirika la Moody's likaishusha Kenya daraja. Sisemi hatifungani ndizo zilizoleta maandamano. Yalikuwa na sababu nyingi. Nasema kwamba pesa za kulipa wenye hatifungani, mama yangu akiwemo, zilikuwa zinatafutwa kwenye mkate ule ule ambao mwanachama mwenzake alitaka kuuoka.

Viwango vimeshuka tangu hapo. Mwaka 2025 hati za siku 91 zilirudi chini ya asilimia 9. Aliyefunga 18.46 kwa miaka minane na nusu anaonekana mjanja, na chama cha mama kimepokea riba yake kila miezi sita bila kuchelewa. Ripoti niliyoandika inasema hivyo. Kila mstari wake ni sahihi.

Nilichojifunza

Nikiwa na baba mezani nilijaribu kumweleza kwamba nambari hii ni kipimo bora cha nchi. Ikipanda ghafla, kuna mtu anaogopa jambo. Ilinganishe na mfumko ujue ni hofu ya namna gani. Angalia kama watu wanakubali kukopesha kwa miaka mingi au wanataka kurudishiwa pesa kesho. Ikiwa chini sana, uliza kama ni imani au ni kukosa pa kwenda. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na yule wa tanuri, yuko wapi kwenye mchoro wako?"

Hayuko. Baba mwenyewe hakuwa kwenye mchoro mpaka nilipomwingiza kwa mkono kutoka kwenye barua zake. Benki Kuu huchapisha jumla ya zabuni zilizokubaliwa, lakini hakuna jedwali la mikopo ambayo haikutolewa. Kipimo kinaonyesha hofu ya mwenye pesa kwa desimali nne. Hasara ya asiye nazo hakiioni kabisa.

Mwanachama yule alijitoa kwenye chama mwezi wa nne 2024. Mama anasema wanasalimiana sokoni, lakini si kama zamani. Nilipoandika programu sikuwa na hila yoyote, na sidhani wale akina mama walikosea. Akiba yao ni ya uzeeni na hakuna aliye na haki ya kuwalaumu. Lakini nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha yule meneja wa benki wa 1993 na sikujua. Nilipewa machaguo mawili, nikayalinganisha kwa safu moja tu, nikarudisha kubwa zaidi.

Juma lililopita mama aliniambia riba ya nusu mwaka imeingia tena, shilingi 73,843, na chama kinauliza iende wapi. Nikamwambia safari hii sitaandika programu. Nikamuuliza bei ya tanuri ni ngapi siku hizi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atauliza.

Faili ya kahawia nimeikopa kwa baba ili nizichanganue barua zote kabla wino haujafifia. Juma lijalo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi.